SOMO LA WIKI: Pensheni ya mhandisi wa umma, asilimia ni namba moja tu kati ya tano

Wachukuliwe wahandisi wawili wa mfano. Walisoma darasa moja katika Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaajiriwa mwaka mmoja, na wote wawili wanastaafu wakiwa na miaka 60 baada ya kuchangia miezi 360. Mmoja ni mhandisi wa barabara aliyeanzia wizarani na kuwa mwanachama wa mfuko wa PSPF. Mwingine ni mhandisi wa umeme katika shirika la umma, ambaye mfuko wake ulikuwa PPF. Mishahara yao ya mwisho ni sawasawa, Sh. 1,740,000 kwa mwezi.

Siku ya kulipwa, mhandisi wa barabara anapokea mkupuo wa Sh. 64,800,000. Yule wa umeme anapata Sh. 56,700,000. Tofauti ni Sh. 8,100,000, fedha za kuezeka nyumba na kubaki na chenji. Mzozo unaanzia hapo, na katika mikutano ya matawi ya vyama vya wafanyakazi hoja huwa ni moja: asilimia. Huyu kapewa 40, yule kapewa 35, kwa nini?

Swali hilo ni la haki, lakini ni nusu ya swali. Somo la wiki hii linafungua kikokotoo chote na kuonyesha kila namba inafanya kazi gani, ili mhandisi aliye kazini, na kiongozi wa tawi anayekwenda kukaa mezani na mwajiri, wajue fedha zinapotelea wapi na ni zipi zinazoweza kudaiwa.

MIFUKO MINNE KUWA MMOJA

Hadi mwaka 2018 watumishi wa umma walitawanyika katika mifuko kadhaa. Wa serikali kuu walikuwa PSPF, wa halmashauri LAPF, wa mashirika ya umma wengi wao PPF, na wengine GEPF. Sheria Namba 2 ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko hiyo minne kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulioanza kazi Agosti 1, 2018. NSSF iliachiwa sekta binafsi.

Kuunganisha mifuko kulimaanisha kuunganisha pia kanuni za malipo, na hapo ndipo moto ulipowaka. Wanachama wa PSPF na LAPF walizoea kulipwa nusu ya pensheni yao kwa mkupuo, yaani asilimia 50. Wa PPF walizoea asilimia 25. Kanuni mpya za mwaka 2018 zilitaka wote walipwe asilimia 25. Vyama vya wafanyakazi vilipinga kwa nguvu, na Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli, akikutana na viongozi wa vyama na wa mifuko, aliagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika katika kipindi cha mpito hadi mwaka 2023.

Kabla kipindi hicho hakijaisha, kanuni nyingine ilianza kutumika Julai 1, 2022, ikiweka asilimia 33 kwa wote. Wale wa 25 walipanda, wale wa 50 walishuka. Malalamiko hayakuisha. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 13, 2024, serikali ilitangaza kwamba waliokuwa kwenye 50 watapata asilimia 40, na waliokuwa kwenye 25, kisha wakapandishwa hadi 33, watapata asilimia 35. Ndiyo maana wahandisi wetu wawili hawalingani mkupuo.

NAMBA TANO ZA KIKOKOTOO

Pensheni ya mtumishi inapatikana kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kupata pensheni kamili ya mwaka. Hapa kuna namba tatu: idadi ya miezi ya kuchangia, mshahara wa mwaka unaotumika, na kigawanyo. Mshahara unaotumika ni wastani wa miaka mitatu iliyo bora katika miaka kumi ya mwisho ya utumishi. Kigawanyo ni 580. Miezi inazidishwa kwa mshahara wa mwaka, jibu linagawanywa kwa 580.

Kwa wahandisi wetu mshahara wa mwaka ni Sh. 20,880,000, ikichukuliwa kuwa haukubadilika katika miaka mitatu ya mwisho. Ukigawanywa kwa 580 ni Sh. 36,000. Hiyo ndiyo thamani ya kila mwezi mmoja wa kuchangia. Mara miezi 360, pensheni kamili ya mwaka ni Sh. 12,960,000. Hadi hapa wa barabara na wa umeme wako sawa kabisa.

Hatua ya pili ni kuigawa pensheni hiyo sehemu mbili, na hapa zinaingia namba mbili zilizobaki: asilimia ya mkupuo na kizidisho. Asilimia inasema sehemu gani ya pensheni ya mwaka itauzwa ili ilipwe kwa pamoja. Kizidisho kinasema sehemu hiyo inauzwa kwa bei gani. Kizidisho cha sasa ni 12.5. Kinachobaki baada ya kuuza kinagawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi.

Kwa mhandisi wa barabara: asilimia 40 ya Sh. 12,960,000 ni Sh. 5,184,000. Mara 12.5 ni mkupuo wa Sh. 64,800,000. Asilimia 60 iliyobaki inampa Sh. 648,000 kila mwezi.

Kwa mhandisi wa umeme: asilimia 35 ni Sh. 4,536,000. Mara 12.5 ni Sh. 56,700,000. Asilimia 65 iliyobaki inampa Sh. 702,000 kila mwezi.

Msomaji aone jambo ambalo mikutanoni husahauliwa. Aliyepata mkupuo mdogo anapata pensheni kubwa zaidi ya mwezi, kwa Sh. 54,000. Gawanya tofauti ya mkupuo, Sh. 8,100,000, kwa Sh. 54,000 hizo: jibu ni miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Mhandisi wa umeme akifikisha umri wa miaka 72 na nusu, amemfikia mwenzake. Akizidi hapo, amempita.

FEDHA ZILIKWENDA WAPI

Sasa mhandisi wa barabara alinganishwe na kaka yake aliyestaafu kwa kanuni ya zamani ya PSPF akiwa na mshahara huo huo na miezi hiyo hiyo. Kanuni ile ilikuwa na kigawanyo cha 540, asilimia 50 na kizidisho cha 15.5. Pensheni kamili ya mwaka ilikuwa Sh. 13,920,000, mkupuo Sh. 107,880,000, na pensheni ya mwezi Sh. 580,000.

Kutoka Sh. 107,880,000 hadi Sh. 64,800,000 kuna pengo la Sh. 43,080,000. Wengi husema pengo hilo limeletwa na kushuka kwa asilimia kutoka 50 hadi 40. Hesabu ifanywe namba moja baada ya nyingine.

Kwanza, kigawanyo peke yake kikibadilishwa kutoka 540 hadi 580, mkupuo unashuka hadi Sh. 100,440,000. Zimepotea Sh. 7,440,000.

Pili, kizidisho kikibadilishwa kutoka 15.5 hadi 12.5, mkupuo unashuka hadi Sh. 81,000,000. Zimepotea Sh. 19,440,000.

Tatu, asilimia ikibadilishwa kutoka 50 hadi 40, mkupuo unafika Sh. 64,800,000. Zimepungua Sh. 16,200,000.

Hizi tatu hazifanani. Upungufu wa asilimia si hasara yote, kwa sababu kinachopungua kwenye mkupuo kinahamia kwenye pensheni ya mwezi. Kwa kigawanyo cha 580, mgawo wa 50 kwa 50 ungempa Sh. 540,000 kwa mwezi. Mgawo wa 40 kwa 60 unampa Sh. 648,000. Ameongezewa Sh. 108,000 kila mwezi, na baada ya miezi 150 zile Sh. 16,200,000 zimerudi zote.

Lakini Sh. 26,880,000 zilizoondoka kwa sababu ya kigawanyo na kizidisho hazikuhamia popote. Hazirudi mwezi wa 150 wala wa 300. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya pengo limesababishwa na namba mbili ambazo hazikuandikwa kwenye bango lolote, wakati kelele zote zilikuwa kwenye namba ya tatu. Hata asilimia ingerudishwa kuwa 50 kesho, mkupuo ungekuwa Sh. 81,000,000, si Sh. 107,880,000, na pensheni ya mwezi ingeshuka.

MAANA YA 12.5

Kizidisho cha 12.5 kinaweza kusomwa kwa njia mbili, na zote mbili ni muhimu kwa mtu anayepanga maisha yake.

Njia ya kwanza ni miaka. Mfuko unamlipa mstaafu leo kiasi ambacho angekipata kidogo kidogo kwa miaka 12 na nusu. Anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 anahesabiwa hadi 72 na nusu. Anayestaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 anahesabiwa hadi 67 na nusu.

Njia ya pili ni riba. Moja gawanya kwa 12.5 ni asilimia 8. Kila Sh. 100 anazopewa mstaafu kwa mkupuo zimemgharimu Sh. 8 za pensheni kila mwaka kwa maisha yake yote. Mkupuo si zawadi. Ni pensheni iliyouzwa, na bei yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Kwa kizidisho cha zamani cha 15.5, bei ilikuwa kama asilimia 6.5. Mstaafu wa zamani aliuza ghali, wa sasa anauza kwa bei ya chini kidogo.

KWA NINI SERIKALI ILIKAZA

Upande wa pili nao una hoja, na kiongozi wa tawi asiyeijua atashindwa mezani kabla hajafungua mdomo. PSPF ilianza kupokea michango mwaka 1999, lakini ilibebeshwa wastaafu ambao miaka yao mingi ya kazi ilikuwa kabla ya hapo, bila mchango wowote kuwekwa. Fedha za wanaochangia zikatumika kuwalipa wasiochangiwa. Deni hilo liliachwa likue kwa miaka mingi. Katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilitoa hatifungani maalum isiyo taslimu ya Sh. trilioni 2.17 kwa PSSSF ili kulipunguza.

Aidha, mchango wa mtumishi katika PSSSF ni asilimia 20 ya mshahara: asilimia 5 kutoka kwake na 15 kutoka kwa mwajiri. Mfuko unaolipa kwa kigawanyo cha 540 na kizidisho cha 15.5 kwa mchango huo unahitaji uwekezaji wenye faida kubwa sana, au wastaafu wachache. Hakuna kati ya hayo mawili kinachoweza kuahidiwa. Kwa hiyo anayedai namba za zamani zirudi, aje na jibu la nani atalipa.

MKUPUO UKIFIKA SOKONI

Mstaafu hachagui asilimia, anaipokea. Anachochagua ni matumizi. Hapo ile asilimia 8 inakuwa kipimo kizuri cha kila wazo analoletewa na ndugu, jamaa na madalali.

Mhandisi wa barabara akiweka Sh. 64,800,000 zote kwenye nyumba ya kupangisha, nyumba hiyo inabidi imwingizie Sh. 432,000 kila mwezi baada ya matengenezo, kodi na miezi isiyo na mpangaji, ndipo ilingane na pensheni aliyoiuza. Ni kweli kwamba nyumba inabaki kuwa mali na inarithiwa, jambo ambalo pensheni ya mwezi haina. Lakini nyumba iliyokwama kwenye lenta haiingizi hata senti moja.

Akiweka benki kwa akaunti ya muda maalum, riba yake inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kwa hiyo benki inabidi itoe karibu asilimia 8.9 ndipo abaki na 8.

Upande wa hatifungani za serikali mambo huwa tofauti. Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani ya miaka 25 hadi asilimia 12.56, na hata baada ya kushushwa ilikuwa juu ya bei ya mkupuo. Kwa kiwango hicho Sh. 30,000,000 zinaleta Sh. 3,768,000 kwa mwaka, sawa na Sh. 314,000 kwa mwezi, wakati pensheni iliyouzwa kupata hizo Sh. 30,000,000 ilikuwa Sh. 200,000 kwa mwezi. Kiwango cha chini cha kushiriki mnada wa hatifungani ni Sh. 1,000,000, na ununuzi hupitia benki au wakala wa soko la hisa. Mstaafu akumbuke mambo mawili. Hatifungani ya miaka 25 itaiva akiwa na miaka 85, na akitaka kuiuza kabla, bei ya siku hiyo sokoni ndiyo itakayoamua. Vilevile riba yake haipandi na bei ya unga.

Kwa ufupi, mkupuo mkubwa unamfaa mwenye mpango unaozidi asilimia 8. Asiye na mpango, pensheni kubwa ya mwezi inamlinda zaidi, kwa kuwa hailiki yote kwa mwaka mmoja.

CHAMA KINAWEZA KUDAI NINI

Hapa ndipo penye somo kubwa kwa mhandisi aliye kazini. Kati ya namba tano, tatu, yaani kigawanyo, kizidisho na asilimia, ziko katika kanuni za serikali. Mwajiri mmoja, awe wakala wa barabara, mamlaka ya maji au shirika la umeme, hana uwezo wa kuzibadilisha hata akitaka. Hizo zinadaiwa kitaifa, kupitia shirikisho la vyama, TUCTA. Namba mbili zilizobaki, mshahara na miezi, zinatengenezwa kazini kila siku.

Wahandisi wa umma hawana chama kimoja. Wa wizarani hupatikana zaidi TUGHE, wa halmashauri TALGWU, wa mashirika TUICO au TAMICO, wa reli TRAWU. Mahali chama kilipo na wanachama wengi na kimetambuliwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 inakipa haki ya kujadiliana na mwajiri, na mkataba wa hali bora ukishatiwa saini unawabana wote, hata wasio wanachama wa kundi hilo. Sheria hiyo pia inaruhusu wasio wanachama kukatwa ada ya uwakala. Mhandisi anayesema "mimi si wa chama" huenda anakilipa kila mwezi bila kuhudhuria mkutano hata mmoja. Kwa watumishi wa serikali, majadiliano yana sheria yake ya mwaka 2003, na kila taasisi ina baraza la wafanyakazi, chombo chenye mizizi katika agizo la Rais la mwaka 1970, ambako bajeti hujadiliwa.

Katika meza hizo kuna madai mawili yanayogusa pensheni moja kwa moja.

Dai la kwanza ni madaraja kupandishwa kwa wakati. Mhandisi anayestahili kupanda kutoka Sh. 1,740,000 hadi Sh. 2,030,000 miaka mitatu kabla ya kustaafu, akipandishwa kwa wakati, wastani wake wa mwaka ni Sh. 24,360,000. Kwa asilimia 40 atapata mkupuo wa Sh. 75,600,000 na Sh. 756,000 kwa mwezi. Akicheleweshwa miaka miwili, wastani unashuka hadi Sh. 22,040,000. Mkupuo unakuwa Sh. 68,400,000 na pensheni Sh. 684,000. Barua iliyokaa mezani miezi 24 imemnyima Sh. 6,960,000 za mshahara, Sh. 7,200,000 za mkupuo, na Sh. 72,000 kila mwezi hadi kufa kwake. Mwaka 2016, upandishaji madaraja uliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, waliokuwa ukingoni mwa kustaafu ndio walioumia zaidi, na wengi hawakujua ni kwa kiasi gani.

Dai la pili ni posho. Mhandisi wa miradi anaweza kukaa porini miezi minane ya mwaka, akiishi kwa posho ya kujikimu. Fedha hizo ni tamu mkononi, lakini mchango wa mfuko hukatwa kwenye mshahara. Siku za posho hazimo. Posho ya kudumu ya Sh. 290,000 ikigeuzwa kuwa mshahara kwa miaka mitatu ya mwisho, mhandisi wetu wa barabara anaongezewa Sh. 10,800,000 za mkupuo na Sh. 108,000 kwa mwezi. Gharama yake ni Sh. 14,500 kwa mwezi kutoka mfukoni mwake na Sh. 43,500 kutoka kwa mwajiri.

Mwenye macho ataona mara moja kwa nini Hazina hulikwepa dai hili. Kwa miezi 36 michango ya pande zote mbili ni Sh. 2,088,000, lakini mfuko unalipa mara tano yake siku ya kwanza. Kwa hiyo dai lenye mashiko si kugeuza posho mwishoni mwa utumishi, bali mapema, tangu mhandisi akiwa kijana, ili michango iende sambamba na ahadi. Hoja hiyo mwajiri hawezi kuiita ujanja.

Lipo pia jambo la kutahadhari. Mei Mosi 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Asilimia hiyo ilitajwa kwa kima cha chini. Mhandisi mwandamizi asiizidishe kwenye mshahara wake na kujipangia pensheni ambayo haijaandikwa popote. Achukue hati yake ya mshahara, asome mstari wa mshahara wa msingi, na afanye hesabu kwa huo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mhandisi wa maji aliyekuwa LAPF amechangia miezi 300. Wastani wa miaka mitatu bora ni Sh. 1,740,000 kwa mwezi. Mkupuo wake na pensheni yake ya mwezi ni kiasi gani?

2. Mwenzake wa miezi 300 na mshahara huo huo alikuwa PPF. Wanatofautiana kwa kiasi gani, na watalingana baada ya muda gani?

3. Mhandisi wa swali la kwanza amefikisha miaka 55. Akiendelea na kazi hadi 60 kwa mshahara uleule, ataongezewa nini?

Majibu. La kwanza: thamani ya mwezi mmoja ni Sh. 36,000, mara 300 ni Sh. 10,800,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 40 mkupuo ni Sh. 54,000,000 na pensheni Sh. 540,000 kwa mwezi. La pili: wa PPF anapata mkupuo wa Sh. 47,250,000 na Sh. 585,000 kwa mwezi. Mkupuo umepungua Sh. 6,750,000, pensheni imezidi Sh. 45,000, na watalingana baada ya miezi ileile 150. La tatu: miezi 60 zaidi inampa mkupuo wa Sh. 64,800,000 na pensheni ya Sh. 648,000, yaani nyongeza ya Sh. 10,800,000 na Sh. 108,000 kwa mwezi, mbali na mishahara ya miaka hiyo mitano. Mtumishi ambaye hajafikisha miezi 180 asitumie kikokotoo hiki, kwani hajatimiza muda wa kustahili pensheni.

Mahesabu haya ni ya mfano, na taarifa ya michango inayotolewa na mfuko ndiyo inayosimama. Mhandisi aiombe sasa, aihesabu miezi yake mmoja mmoja, hasa aliyehamishwa kutoka halmashauri kwenda wakala au kutoka wizara kwenda shirika. Mwezi mmoja usiopelekewa mchango unampunguzia mhandisi wa mfano wetu Sh. 180,000 za mkupuo na Sh. 1,800 kila mwezi. Kuufuatilia akiwa bado ana ofisi, simu na katibu wa tawi ni kazi ya wiki moja. Kuufuatilia akiwa amesharudi kijijini kwake Rungwe au Muleba ni kazi ya nauli, hoteli na barua zisizojibiwa.